SPM na FSL zinanipa namba tofauti za msogeo wa kichwa kimoja. Nimwamini nani?

MwishoWaReli, Kigoma (mleta uzi)

Wakuu habari za wakati huu.

Nipo Mwanga hapa Kigoma, namalizia tasnifu ya uzamili. Kazi yangu ni uchambuzi wa fMRI, yaani zile picha za MRI zinazopigwa mfululizo ili kufuatilia mabadiliko ya oksijeni kwenye damu ya ubongo. Skana sijawahi hata kuigusa. Data nimeshusha OpenNeuro, ambako watafiti wanaweka data zao bure, kila mtu achukue.

Mtu mmoja, kalala kwenye skana dakika nane, picha moja ya ubongo mzima kila sekunde 2, jumla picha 240. Kila picha ina vokseli (vile vijichemraba vinavyounda picha) 64 kwa 64, vipande 40, na kila vokseli ni milimita 3 pande zote. Hakuna binadamu wa kutulia dakika nane bila kutikisika, kwa hiyo kabla ya lolote lazima usahihishe msogeo: programu inaikokota kila picha irudi kwenye mkao wa picha ya rejea, halafu inakuandikia namba sita, mizunguko mitatu na misogeo mitatu.

Nimefanya kwa SPM, nikarudia kwa MCFLIRT ya FSL (SPM na FSL zote ni programu za kuchambua picha za ubongo). Najua kwa kawaida SPM inaanzia picha ya kwanza na MCFLIRT inachukua ya katikati, kwa hiyo nimeilazimisha MCFLIRT nayo itumie ya kwanza. Hilo tuliweke pembeni.

Sasa angalieni picha ya 150 (mzunguko nautaja kwa ukubwa tu):

Faili la rp la SPM: mzunguko wa x 0.02, msogeo wa y 0.6, wa z sifuri.
Faili la .par la MCFLIRT: mzunguko wa x 0.02, misogeo yote karibu na sifuri.
Matriksi ya MCFLIRT hiyo hiyo, faili MAT_0149: mzunguko ule ule, lakini safu ya mwisho inasoma y 1.19 na z -1.88.

Yaani hata programu moja haikubaliani na yenyewe! Msimamizi wangu anataka picha zilizosogea zaidi ya nusu milimita zitupwe. Nizitupe kwa namba za nani?

Mgebuka_Mkavu

Nimevuta kiti. Ngoja waje wenye fani yao.

kasulu_finest

Mkuu, watu huku tunahangaika na malaria na bei ya mahindi, wewe unapima kichwa cha Mzungu kimetikisika milimita mbili? Halafu mbona kifua chake hamkipimi, si na chenyewe kinatikisika akipumua?

MwishoWaReli

@kasulu_finest hahaha, kaka, kifafa na kiharusi havichagui mkoa. Skana zitafika, wachambuzi watatoka wapi? Hilo la kifua sijalifikiria kabisa, ngoja tulisubirie.

Dada_Vokseli

Mdogo wangu MwishoWaReli, hesabu zako ziko sawa zote tatu. Wala usizifute.

Anza na kile kinachofanana. Mzunguko ni 0.02 kila mahali. Hizo ni radiani, kwa digrii ni 1.15 hivi. Kinachopishana ni misogeo peke yake. Ukikuta hali hiyo, usitafute kosa kwenye programu, tafuta kila moja imeweka wapi kitovu chake, yaani nukta yake ya sifuri, sifuri, sifuri.

Mtu amelala chali akainua kidevu kidogo. Hilo ni tukio moja. Lakini ili uliandike kwa namba sita lazima useme kichwa kimezunguka kwenye nukta ipi. Ukisema kimezunguka kwenye nukta iliyo katikati ya picha, msogeo unaweza kuwa sifuri kabisa. Ukisema kimezunguka kwenye nukta iliyoko mbali, basi mzunguko peke yake utakuwa umekibeba kichwa kizima na kukipeleka kwingine, na itabidi uongeze msogeo wa kukirudisha kilipo kweli. Kadiri kitovu kilivyo mbali, ndivyo msogeo huo wa kurudisha unavyokuwa mkubwa. Kichwa hakina habari na hayo yote.

Kwa hesabu: mzunguko R ukifanyika kwenye nukta c, ukitaka kuuandika kana kwamba umefanyika kwenye kitovu cha mfumo, msogeo wa nyongeza ni c toa R mara c. Basi, hakuna kingine.

Sasa tuiweke namba yako. Matriksi za FSL zinahesabu kwa milimita kuanzia katikati ya vokseli ya kwanza kabisa, ile ya pembeni kwenye kona. Una vokseli 64 za milimita 3, kwa hiyo toka pale hadi katikati ya picha ni 31.5 mara 3, sawa na milimita 94.5 kwa y. Vipande ni 40, kwa hiyo kwa z ni 19.5 mara 3, sawa na 58.5. Zungusha nukta hiyo (94.5, 58.5) kwa radiani 0.02 kwenye mhimili wa x. Inaangukia 93.31 na 60.38. Toa: 94.5 kutoa 93.31 ni 1.19. Na 58.5 kutoa 60.38 ni -1.88.

Umeziona namba zako za MAT_0149? Kichwa kilizunguka tu, hakikwenda popote. Milimita zote hizo zimezaliwa na kona.

Faili la .par lenyewe linaandikwa kwa kitovu kilicho ndani ya picha, ndiyo maana limekuonyesha misogeo ya karibu na sifuri. SPM ina utaratibu wake: inazungushia kwenye sifuri ya milimita iliyoandikwa kwenye kichwa cha faili la NIfTI, yaani yale maelezo ya mwanzoni mwa faili la picha. Sifuri hiyo inaweza kuwa popote. Aliyepiga picha anaweza kuwa ameiacha kwenye kitovu cha sumaku ya skana, mwingine akaihamishia kwenye komisura ya mbele ya ubongo (kijifungu cha nyuzi kinachotumika kama alama) kama atlasi ya Talairach na Tournoux ya mwaka 1988 ilivyozoesha watu.

Kwako msogeo wa y ni 0.6 na mzunguko ni 0.02. Gawanya, unapata 30. Nasema bila kuliona faili lako: sifuri ya SPM iko milimita kama 30 chini ya katikati ya picha, upande wa shingoni. Fungua Display ya SPM uangalie, urudi hapa.

Mgebuka_Mkavu

Daah. Huyu dada kapiga ramli ya milimita.

NyukiWaSikonge, Tabora

Naomba niingilie, mimi si mtu wa ubongo. Nilisoma mambo ya ramani Chuo cha Ardhi hapa Tabora na kazi yangu ni vipimo. Nimesoma maelezo ya dada hapo juu nikacheka peke yangu, maana huu ugomvi sisi tunao miaka yote.

Ramani zetu za zamani ziko kwenye Arc 1960, vifaa vya setilaiti vinatoa WGS84. Kuhama toka mfumo mmoja kwenda mwingine tunatumia namba saba: misogeo mitatu, mizunguko mitatu, na moja ya ukubwa. Sasa kuna njia mbili maarufu. Ya Bursa-Wolf inazungushia kwenye kitovu cha dunia. Ya Molodensky-Badekas inazungushia kwenye nukta ya wastani ya alama zako zenyewe, hapo hapo kwenye eneo lako. Ukichukua bikoni zile zile ukazipitisha kote kuwili, mizunguko inatoka sawa na misogeo inatoka tofauti mno, kwa sababu kitovu cha dunia kiko kilomita zaidi ya 6,300 chini ya miguu yako. Mzunguko mdogo usioonekana kwa macho unazaa mita kwa mita za msogeo. Lakini bikoni zinaangukia pale pale.

Kijana akichukua misogeo ya njia moja akaichomeka kwenye fomula ya njia nyingine, kiwanja cha mtu kinahamia kwa jirani. Nimeona kesi imefika baraza la kata.

Na kuna la pili ambalo hamjaligusa: alama za chanya na hasi. Hiyo ya Bursa-Wolf ina desturi mbili, kwenye orodha ya EPSG, ile ya mifumo ya ramani, ni namba 9606 na 9607. Moja inazungusha nukta, nyingine inazungusha mihimili. Namba ni zile zile, alama za mizunguko zimegeuzwa. Kwenye ubongo mnafanyaje?

Dada_Vokseli

@NyukiWaSikonge shikamoo mzee wangu. Hiyo ya Molodensky-Badekas ndiyo yenyewe hasa, SPM na .par wanatofautiana hivyo hivyo.

Alama kwetu ni vurugu zaidi. Kwanza, namba nyingi zinazoandikwa ni za marekebisho: zinasema picha irudishwe vipi, siyo kichwa kilikwendaje. Kichwa kikishuka milimita moja, unaweza kusoma juu milimita moja. Pili, NIfTI inahesabu kulia, mbele na juu kuwa chanya. DICOM inayotoka kwenye skana inahesabu kushoto, nyuma na juu. Ukihama toka moja kwenda nyingine, x na y zinageuka alama, kwenye misogeo na kwenye mizunguko pia, ila z inabaki.

FSL nayo ina tabia yake. Ikikuta faili ambalo vokseli zake zinahesabiwa toka kushoto kwenda kulia, kwa ndani inageuza x peke yake. Hapo watu wengi wanapotea, kwa sababu kugeuza mhimili mmoja ni kama kuangalia kwenye kioo: msogeo wa x unageuka, mzunguko wa x UNABAKI, na mizunguko ya y na z ndiyo inageuka. Ndiyo maana kwa mwenye uzi haikuonekana, tukio lake ni la mhimili wa x. Siku mtu wake akitikisa kichwa kusema hapana, ataiona.

afni_mwanzo_mwisho

Wapenzi wa SPM na FSL mnateseka bure. AFNI, programu nyingine ya kazi hiyo hiyo, ipo tangu miaka ya 90.

Dada_Vokseli

@afni_mwanzo_mwisho kaka yangu, 3dvolreg yako (ile ya AFNI ya kusahihisha msogeo) inatoa mizunguko kwa digrii wakati hao wawili wanatoa kwa radiani. Safu zako za misogeo zinaanza na juu, halafu kushoto, halafu nyuma. Na safu yako iliyoandikwa "roll" ni ya kutikisa kichwa kusema hapana, ambayo SPM wanaiita "yaw". Tusitambiane.

afni_mwanzo_mwisho

Nimenyamaza.

(Ila kwa kweli hilo la digrii limewaumiza wengi. Digrii 1.15 ukiisoma kama radiani, mtu wako kageuza shingo digrii 66 ndani ya skana. Ukiona hivyo ujue siyo mtu, ni safu.)

MwishoWaReli

Wakuu nimerudi. Nimefungua Display. Sifuri ya faili iko chini ya katikati ya picha kwa milimita 30 kasoro kidogo. Dada, nakuamkia.

Nimefanya na jaribio lingine. Nimenakili data, nikahamisha sifuri kwenye komisura ya mbele kwa picha zote 240 pamoja, nikarudia SPM upya. Mizunguko imetoka ile ile, inapishana kwenye tarakimu za mwishoni tu. Misogeo imebadilika yote. Nikizirudisha namba kwenye kitovu kimoja kwa ile c toa R mara c, mistari inalaliana.

Sasa swali langu la awali bado lipo. Nusu milimita ya nani? Natumia kipimo cha Power na wenzake cha 2012.

Dada_Vokseli

Hapo ndipo penye pesa. Wengine wote tulikuwa tunapasha.

Kipimo cha Power kinachukua tofauti ya kila namba kati ya picha moja na iliyotangulia, kinaondoa alama, kinajumlisha zote sita. Mizunguko inageuzwa milimita kwa kuchukulia kichwa ni tufe la nusu kipenyo milimita 50. Kwa hiyo radiani 0.02 ni milimita 1.0. Tatizo lake ni kwamba misogeo inaingia kwenye jumla kama ilivyo, na misogeo tumeshaona inategemea kitovu.

Chukulia picha ya 149 ilikuwa imetulia kwenye mkao wa rejea. Kwa namba za .par, picha ya 150 inapata 1.0. Kwa SPM inapata 1.6. Ukichota safu ya mwisho ya matriksi bila kufikiri unapata 4.07. Zote zinatupwa, hakuna ubishi. Lakini punguza tukio liwe radiani 0.006, mtu kameza mate tu. Katikati ya picha ni 0.3. SPM yako ni 0.48. Kona ni 1.22. Kizingiti chako ni 0.5: picha ile ile inabaki kwa mmoja na inatupwa kwa mwingine. Na ukipita kwa watu mia moja, ambao kila mmoja faili lake lina sifuri yake, utakuwa unawaadhibu watu kwa sababu ya kichwa cha faili, siyo kichwa chao.

Kwa maoni yangu, tena nayasema kwa ukali kidogo: kuripoti kipimo cha Power bila kusema kitovu ni ripoti nusu. Watu wengi wanafanya hivyo.

Njia ninayoipenda ni ya Jenkinson. Haigusi namba sita. Inachukua matriksi nzima na kuuliza: ndani ya tufe la milimita 80, nukta zimehama kwa kiasi gani, kwa kipeuo cha pili cha wastani wa vipeo vya pili? Kwa kuwa inauliza nukta zilikwenda wapi, haijali uliiandika kwa mtindo gani, mradi tufe lenyewe likae kwenye ubongo. Tukio lako la 0.02 linatoa milimita 1.01. MCFLIRT ukiiongezea -rmsrel inakuandikia yenyewe.

Kama msimamizi anang'ang'ania Power, rudisha kila mtu kwenye kitovu kimoja ndani ya ubongo kwanza, halafu kwenye tasnifu andika kitovu, nusu kipenyo na kizingiti. Sentensi moja inatosha.

NyukiWaSikonge

Sisi bila kuandika mfumo ramani hairudi na mhuri. Kigoma mjini iko ukanda wa ramani wa 35, Tabora wa 36, mpaka ni longitudo 30. Ukiniletea namba za mashariki na kaskazini bila kutaja ukanda, sijui uko ziwani au uko kwenye mizinga.

kasulu_finest

Nimesoma yote, nakiri nimeelewa zaidi nilivyotarajia. Lakini swali langu la kifua limerukwa.

Dada_Vokseli

@kasulu_finest uliuliza kwa utani ila ni swali zito. Mtu akivuta pumzi, hewa na kifua vinabadilisha kidogo uga wa sumaku mpaka kichwani. Picha za fMRI zinasomwa kwa namna ambayo uga ukibadilika, picha nzima inateleza upande mmoja, hata kama kichwa hakijasogea hata kidogo. Upande huo ni ule wa usimbaji wa fazi, na mara nyingi ni mbele na nyuma, yaani y. Programu haijui, inaandika msogeo.

MwishoWaReli, chora y peke yake. Mtu anapumua mara 12 mpaka 18 kwa dakika, wewe unapiga picha 30 kwa dakika. Kama ni pumzi utaona mstari unapanda na kushuka karibu kila picha.

MwishoWaReli

Upo! Una meno mwanzo hadi mwisho. Nilikuwa nauona najua ni kelele tu. Lakini kwenye SPM meno yapo kwenye y na kidogo kwenye z. Kwenye .par yapo kwenye y tupu. Tumerudi kule kule?

Dada_Vokseli

Hapana, safari hii kitovu hakihusiki, ni mihimili. Msogeo bila mzunguko haubadiliki ukihamisha kitovu.

Ninavyohisi, vipande vyako viliinamishwa wakati wa kupiga. Wanafanya hivyo ili kupunguza giza la juu ya macho, pale hewa ya puani inapovuruga sumaku. FSL inahesabu kwa mihimili ya vokseli, ambayo imeinama pamoja na vipande. SPM inahesabu kwa mihimili ya skana, iliyonyooka. Msogeo wa milimita moja kwenye y ya vokseli iliyoinama digrii 30, SPM itauandika 0.87 kwenye y na 0.5 kwenye z.

Angalia faili la json lililoambatana na data, kuna mstari wa PhaseEncodingDirection. Unasemaje?

MwishoWaReli

Unasema "j-".

Dada_Vokseli

j ni mhimili wa pili wa vokseli, siyo y ya skana, na hiyo kutoa ni mwelekeo tu. Kwa hiyo pumzi yako iko kwenye j, na ukitaka kuichuja, ichujie huko. Chukua matriksi ya sform (inayotoa vokseli kwenda milimita) toka kwenye kichwa cha faili, gawanya kila safu wima kwa urefu wake upate mizunguko mitupu, uitumie kurudisha misogeo ya SPM kwenye mihimili ya vokseli. Meno yote yakikusanyika kwenye safu ya pili, jibu umepata.

MwishoWaReli

Sawa dada. Umeme ukirudi naanza na hilo, kipimo cha Jenkinson kifuate. Mzee wa Tabora, hiyo orodha ya EPSG nitakufuata kwa ujumbe wa faragha, kuna mdogo wangu anasoma upimaji.

Mgebuka_Mkavu

Na mimi nikaribishwe kwenye hiyo ya viwanja.